Kisumu Ilipokuwa na Mchapishaji Wake

Mtoto wa leo wa Manyatta, mtaa wetu hapa Kisumu, ana vitabu vingi kuliko sisi tuliokuwa watoto hapa miaka ya 80. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wa rika langu tukianza kusimulia ya zamani huwa tunalisahau. Nilipokuwa darasa la nne, kitabu kimoja cha Kiingereza kilisomwa na watoto watano kwenye dawati lililotengenezewa watatu. Aliyeketi katikati aliuona mstari mzima. Wa pembeni aliona nusu, nusu nyingine akabahatisha. Jioni mwalimu alivihesabu vitabu, akavirudisha kabatini, akatia kufuli.

Mpwa wangu yuko gredi ya nne mwaka huu. Kila somo analo kitabu chake, na begi lake ni zito hivi kwamba dereva wa bodaboda hulipokea kwanza kabla hajampandisha mwenyewe. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, lengo likiwa kitabu kimoja kwa kila mtoto katika kila somo. Hata kabla ya hapo, kuanzia 2015, mradi wa Tusome ulikuwa umekwisha kuwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vyao wenyewe vya kusoma Kiswahili na Kiingereza. Aliyewahi kusoma nusu ya mstari hawezi kuyabeza hayo.

Lakini siku moja nilimuuliza ni kitabu gani hukisoma wakati hana mtihani. Hakulielewa swali. Akafungua begi, akanionyesha cha Sayansi.

Sisi vitabu visivyo na mtihani tulikuwa navyo. Vilikuwa vichache, vimechakaa, vimepita mikononi mwa kaka na dada na majirani mpaka jalada likang'oka, lakini vilikuwepo. Na baadhi yake vilitoka hapa hapa mjini kwetu.

Tulikaa chumba kimoja cha kupanga, kuta za udongo zilizopigwa saruji upande wa mbele tu, ndani ya boma lililozungushiwa ua wa mnyaa. Majirani walikuwa Wajaluo, Waluhya na Wakisii, na familia moja ya Kinubi, kwa hiyo michezo yetu yote ilikuwa kwa Kiswahili. Nyanya yangu, dana, alikuja kutoka Rarieda kila baada ya mavuno. Kijijini kwao, enzi za usichana wake, watoto walilala kwenye siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na sigana, yaani hadithi, zilikuwa sehemu ya kulala kwenyewe. Manyatta hapakuwa na siwindhe. Palikuwa na mkeka kati ya pazia la wazazi na jiko, koroboi lililozimwa mapema ili mafuta yasiishe, na dana akinong'ona kwa sababu baba alikuwa na zamu ya alfajiri.

Hadithi aliyoirudia mara nyingi ilikuwa ya Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi wa Gwassi aliyetega nyavu akamtoa bikizee majini. Akamchukua akamwoa, na zizi lake likajaa ng'ombe. Kisha usiku mmoja akarudi amelewa, akakuta mlango umefungwa, akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikomwokota. Bikizee akaondoka kimya kurudi ziwani, na ng'ombe wote, mbuzi wote, kuku wote wakamfuata mpaka majini. Dana alipofika hapo aliwataja wanyama mmoja mmoja kwa rangi zao, na hakuharakisha.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu mmoja aliyepanga ploti ya jirani aliniazima kitabu chembamba chenye pini mbili zilizoanza kushika kutu. Kilikuwa cha Dholuo: Nyamgondho Wuod Ombare, pamoja na sigana nyingine. Nilianza, kama mtoto yeyote, kwa kuangalia picha. Zilikuwa za wino mweusi tu, maana katika upigaji chapa wa siku zile kila rangi ilidai sahani yake na malipo yake. Kisha nikasoma ule ukurasa wa mwanzo ambao watoto huuruka, ukurasa wa jina la mchapishaji na mahali. Nilikuwa nimezoea kukuta London pale, au Nairobi. Hiki kiliandikwa Lake Publishers, Kisumu.

Nilimpelekea dana, ambaye hakujua kusoma, nikamsomea. Alinisahihisha mahali pawili, rangi za ng'ombe.

Aliyekitunga na kukichapisha alikuwa Asenath Bole Odaga. Alizaliwa Rarieda mwaka 1937, akawa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi, na hadithi zake za kwanza za watoto, kama Jande's Ambition ya 1966 na The Hare's Blanket ya 1967, zilitolewa na East African Publishing House ya Nairobi. Baadaye alisoma na kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yake huko ilihusu hizi hizi sigana za Wajaluo na jinsi zinavyomlea na kumfunza mtoto. Mtu mwenye sifa hizo angeweza kubaki Nairobi maisha yake yote akaheshimika. Mwanzoni mwa miaka ya 80 akarudi Kisumu, akaanzisha Lake Publishers na duka la vitabu aliloliita Thu Tinda, kwa maneno ambayo Mjaluo hufungia hadithi.

Kutoka hapo vikaja vitabu kwa Dholuo na kwa Kiingereza. Simbi Nyaima kilitoka 1982: kile kijiji karibu na Kendu Bay kilichozama ziwa likawa mahali pake, kwa sababu watu walimnyima bikizee chakula usiku wa sherehe. Nyamgondho kikafuata 1986. Mwaka 1987 vikaja kwa mkupuo vitabu vya watoto wadogo: Munde and His Friends, Munde Goes to the Market, The Rag Ball. Sisi tuliotengeneza ajuala, mpira wetu, kwa mifuko ya plastiki na kamba ya katani tulijua mpira wa matambara ni nini kabla hatujafungua ukurasa. Hakuna aliyehitaji kutueleza mahali hadithi ilipotokea. Mwaka huo huo wa 1987 mama huyu alitoa pia riwaya kwa watu wazima. Nikiitazama leo orodha ya kazi zake najiuliza alilala saa ngapi.

Hakuanza patupu, na haki lazima itendeke kwa waliomtangulia. Kwa muda mrefu kitabu cha Dholuo kilikuwa cha misheni: katekisimu, nyimbo, Agano Jipya, na hatimaye Biblia nzima mwaka 1953. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards aliyetoka kwenye duka la vitabu la wamisheni wa CMS. Bureau ilichapisha kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, ikapeleka masanduku ya vitabu mashambani, ikaazimisha vitabu kwa posta. Mtu wa kijijini aliandika barua, akaletewa kitabu, akakirudisha. Mpaka leo navutiwa na wazo hilo.

Hata hivyo Bureau ilikuwa na mipaka yake. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alisimulia baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake pale, walishindwa kuelewa jinsi mwanamke Mkristo anavyoweza kuandika juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Hizo ndizo hadithi za ziwa letu, zenye mvua iliyogoma na binti aliyetolewa kwa zimwi la majini. Zilikuwa hadithi zile zile za mkekani. Kwa mizani ya ofisi ile hazikufaa.

East African Publishing House ilipoanzishwa mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, mlango ukafunguka. Pamela Kola akatoa East African How Stories na East African Why Stories mwaka 1966, na wanyama wa bibi zetu wakaingia darasani: kwa nini huyu ana mkia mfupi, kwa nini yule anaishi peke yake. Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyekuja Kenya 1954 kuuzia CMS vitabu, akaolewa Ujaluoni, akatoa Growing Up at Lina School mwaka 1971. Oxford nao wakatuletea Moses wa Barbara Kimenye, yule mvulana mtundu wa shule ya bweni Uganda, ambaye nadhani alisomwa Manyatta kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya kiada. Na shuleni liliingia gazeti la picha la Pied Crow, lililotolewa na shirika la CARE kufundisha mambo ya mazingira na afya. Tuligombania nakala hadi zikachanika.

Kwa nini vitabu vya hadithi vilistawi wakati nchi ilikuwa maskini kuliko sasa? Jibu langu si la kimapenzi. Vitabu vya kiada vilikuwa mali ya serikali. Taasisi ya Elimu ya Kenya iliviandika, na Jomo Kenyatta Foundation, iliyoanzishwa 1966, pamoja na Kenya Literature Bureau, iliyorithi kazi ya ile Bureau ya zamani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, zikavichapa na kuviuza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ukaja na vitabu vipya vya madarasa yote, na kazi hiyo nono ikabaki huko. Mchapishaji wa kibinafsi aliachiwa uwanja wa pembeni, nao ni vitabu vya ziada. Akitaka kuishi, ilimbidi apate hadithi itakayomfanya mzazi aingize mkono mfukoni. Odaga alikuwa na uwanja huo huo mdogo, na aliulima vizuri.

Kisha mambo yakaharibika, moja moja. East African Publishing House ilianguka mwishoni mwa miaka ya 80, na baadhi ya vitabu vyake vikaokolewa na wachapishaji wa Phoenix. Miaka ya 90 ikaja na ugawanaji wa gharama: mzazi alinunua kila kitu, na baada ya kulipia daftari na kitabu cha hesabu hakubaki na chochote cha Munde wala Moses. Nakumbuka vizuri jinsi tulivyokutana na hadithi miaka ile. Njugu za Kondele zilifungwa kwenye kurasa. Mama muuzaji alinunua vitabu vikuukuu kwa kilo, akavichana, akasokota kila ukurasa pembe tatu. Ukimaliza njugu ulikunjua karatasi, ukapangusa chumvi, ukasoma. Rafiki yangu mmoja alipata ukurasa ambapo mtoto anakaribia kuanguka kisimani, na kwa majuma kadhaa alinunua njugu kwa mama yule yule akitafuta ukurasa uliofuata. Wakati ule tulicheka. Sasa nikilifikiria naona kiu ilivyokuwa.

Mwaka 1998 serikali ilibadili sera na kuruhusu wachapishaji wote kuandika vitabu vya kiada, mradi vipate idhini na kuingia kwenye ile orodha yenye jalada la rangi ya chungwa. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki, kwa sababu ukiritimba haukuwa mzuri. Naamini hata hivyo kwamba hapo ndipo kitabu cha hadithi kilipopata pigo lake kubwa. Mhariri aliyekuwa akiwinda hadithi sasa aliwinda idhini. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, 650 kati yake zikiwa za vitabu na vifaa vya kusomea. Zidisha kwa mamilioni ya watoto uone mchapishaji angeelekeza macho wapi. Hela hizo ziliokoa watoto wengi, wakiwemo wa Manyatta waliokuwa wakizurura sokoni Kibuye saa za shule. Ila kitabu kisicho na mtihani kilibaki nje ya hesabu.

Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ikaweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Mzazi anayesita kutoa shilingi 300 kwa hadithi aliongezewa sababu ya kusita. Na lori la serikali lilipoanza kupeleka vitabu shuleni moja kwa moja mwaka 2018, maduka ya vitabu yalipoteza biashara iliyoyaweka hai. Hili halitajwi sana. Duka la mji kama Kisumu liliuza vitabu vya kiada Januari ili liweze kuweka rafu moja ya hadithi mwaka mzima. Biashara ya Januari ikiondoka, rafu nayo huondoka. Ukipita mjini leo utaona maduka yaliyokuwa ya vitabu yakiuza kalamu, mabegi ya shule na vifaa vya simu.

Asenath Bole Odaga alifariki mwaka 2014. Ogot akamfuata 2015, Macgoye pia 2015. Katika muda wa mwaka mmoja hivi pwani yetu hii ilipoteza wanawake watatu walioandika ziwa hili likasomeka mbali. Nimejaribu kumtafutia mpwa wangu The Rag Ball madukani na kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini kando ya barabara. Nimekuta vitabu vya picha vya Marekani vilivyokuja na mitumba, vyenye theluji na mabasi ya njano, vimeandikwa kwa kalamu majina ya watoto wa huko. Nimemnunulia viwili. Anavipenda, na sioni ubaya. Cha Munde sijakipata.

Liko jambo jingine linaloniuma, nami ni mtu wa Kiswahili. Odaga aliandika kwa Dholuo na kwa Kiingereza, na hakuna wa kumlaumu, kwa maana alibeba mizigo miwili tayari. Lakini Manyatta ilicheza na kugombana kwa Kiswahili, na inafanya hivyo mpaka sasa. Hadithi za Kiswahili tulizosoma zilikuja na minazi, majahazi, masultani na Abunuwasi. Nilizipenda na ndizo zilizonifanya niandike. Bahari niliijua vitabuni miaka mingi kabla sijaiona Mombasa. Ziwa lenyewe, lililokuwa mwendo wa dakika chache kwa baiskeli, halikuwa na kitabu cha mtoto kwa lugha niliyoitumia ufukweni mwake. Omena zinazoanikwa juu ya nyavu kuukuu pale Dunga, kiboko anayeingia shambani usiku, magugu yanayofunga bandari, kijana wa tuktuk anayemtania mama anayeuza mgongo wazi, mifupa ya mbuta: yote hayo yanasemwa kwa Kiswahili kila siku na hakuna anayemwandikia mtoto.

Simu imeleta nafuu kidogo. Mradi wa African Storybook umeweka mtandaoni hadithi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwemo, na mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzitafsiri au kuzipiga chapa. Tumesoma kadhaa na mpwa wangu kwenye kioo kilichopasuka pembeni, kila mara ujumbe wa mtu ukikatiza katikati ya sentensi. Baada ya hadithi moja alitaka niimalizie tena kwa mdomo, simu imezimwa. Nikampa Nyamgondho. Nilijikuta nataja rangi za ng'ombe.

Na mitambo ya kupigia chapa? Hiyo Kisumu haikosi. Ingia uchochoro wowote katikati ya mji utakuta fundi na kompyuta yake na mashine ya rangi. Wanachapa kadi za harusi, mabango ya wanasiasa na, zaidi ya yote, vijitabu vya mazishi. Marehemu wa Ujaluoni hasafirishwi nyumbani bila kijitabu: kurasa 16 au 24, karatasi ya kung'aa, picha za rangi tangu ubatizo, wasifu kwa lugha mbili, pini mbili katikati. Kinaandikwa Jumatano usiku, kinahaririwa na wajomba Alhamisi, na Ijumaa nakala 500 ziko ndani ya gari. Nimevishika vingi, na kwa uzuri wa karatasi na picha vinamshinda Nyamgondho wangu wa pini za kutu mara kumi. Odaga angekuwa na mashine hizi mwaka 1982, sijui angetoa nini.

Mwezi uliopita nilipeleka kwa fundi mmoja hadithi niliyoiandika kwa Kiswahili, ya msichana wa Manyatta na kiboko wa Dunga, pamoja na michoro ya kijana wa jirani. Nilimuuliza kurasa 24 za rangi zitanigharimu kiasi gani kwa nakala 200.

Aliacha kazi yake akasimama. "Pole sana, mzee wangu," akasema. "Ni nani ametuacha?"

Nikamwambia hakuna msiba, ni kitabu cha watoto.

"Sawa," akasema, akaketi, akavuta kalamu na daftari la oda. "Ni shule gani imeagiza?"